Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tiba ya wasiwasi, waswasi na uchovu wa kutokubalika, hapa Lamu

Maswali haya tunaletewa sisi washauri na watu wa Amu (mji wa Lamu), Shela, Matondoni, Pate na Mokowe, mengi kwa ujumbe wa saa nane za usiku. Tukiandika wasiwasi tuna maana ya hofu isiyokatika. Tukiandika waswasi tuna maana ya yale maradhi ya mawazo na vitendo vinavyojirudia, ambayo madaktari huyaita OCD.

Mnatibu nini hasa?

Tunatibu hofu. Hatutibu dini ya mtu, wala ukoo wake, wala alivyoumbwa. Wanaokuja ni wa namna tatu, ingawa mara nyingi zote humkuta mtu mmoja. Yuko anayeshikwa na wasiwasi mpaka chakula hakipiti. Yuko aliyekamatwa na waswasi wa kuosha, kuhesabu, kukagua mlango au kupigana na mawazo asiyoyataka. Na yuko aliyechoka kujificha, au kujieleza yeye ni nani mbele ya watu walioshamhukumu.

Nafikiria kufa. Nifanye nini sasa hivi?

Usingoje miadi yetu. Mwambie mtu mmoja aliye karibu akae nawe, kisha nendeni hospitali hata kama ni usiku. Kwa aliyeko Amu ni King Fahd. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, haina malipo. Wako wanaojizuia kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na Katiba. Nenda.

Kwani tiba yenyewe ni maongezi tu? Shangazi yangu pia hunisikiliza.

Mshukuru shangazi, wengi hawana. Ila tiba tunayotumia ina utaratibu wake. Sehemu kubwa inatokana na tiba ya fikra na matendo, ambayo daktari Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960: unachunguza unachojiambia unapoogopa, unachofanya baada ya hapo, na namna hicho unachofanya kinavyoilisha hofu. Kila kikao kinatoka na kazi ya kufanya nyumbani. Asiyeifanya huwa anapata nafuu ya kutua moyo kwa siku moja, basi.

Tunaposema tiba ina ushahidi, maana yake imejaribiwa kwa makundi: wengine wamepewa, wengine wamepewa huduma ya kawaida, kisha wote wakapimwa. Mfano wa karibu ni wa hapa Kenya. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Nairobi uliohusisha wanawake 518, wengi wao waliopitia ukatili, kuhusu mpango wa vikao vitano uliotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Waliotoa huduma walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani waliofunzwa kazi hiyo, si wanasaikolojia, na wanawake wale walipata nafuu kuliko wenzao wa huduma ya kawaida. Kwa hiyo mtu akikutajia shahada zake zote, muulize pia anafuata utaratibu gani.

Sisi nasi tunapima. Kwa wasiwasi tunatumia maswali saba ya GAD-7, yaliyotolewa mwaka 2006, yenye alama 0 hadi 21. Kuanzia 10 tunaangalia kwa makini zaidi. Alama peke yake si hukumu ya ugonjwa, lakini wiki zikipita na namba haisogei tunabadilisha tunachofanya. Hatukulaumu wewe kwamba huna imani.

Moyo unakwenda mbio, vidole vinafa ganzi, naona nakufa. Hospitali wanasema sina kitu.

Kwanza ni vizuri kwamba ulikwenda. Tezi ya shingo, upungufu wa damu na maradhi ya moyo yanaweza kuleta dalili kama hizo, nasi tunataka yaondolewe kabla ya kusema ni wasiwasi. Lakini “huna kitu” si jibu sahihi. Una kitu. Mwili umepiga kelele ya hatari pasipo hatari: homoni ya adrenalini imemwagika, moyo unasukuma damu, pumzi zimeongezeka. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, na hapo ndipo ganzi ya vidole na kizunguzungu vinapotokea. Mara nyingi kilele hufika ndani ya dakika kumi, kisha kunashuka.

Shida kubwa huja baadaye. Mtu kashikwa na hofu hiyo ndani ya boti ya kutoka Mokowe. Wiki ijayo anakaa karibu na nahodha, wiki ya pili anavuka na ndugu yake tu, mwezi ujao havuki kabisa. Kila alipokwepa alipata raha, na ile raha ndiyo iliyomfunza kwamba boti ni ya kuogopwa. Tiba inarudi njia ile ile. Tunaanza chumbani: unapanda na kushuka ngazi haraka mpaka moyo uende mbio kwa makusudi, unakaa nao bila kushika ukuta, unaona haukuui. Kisha gatini, kisha botini na mwenzako, kisha peke yako kwenye kiti cha katikati.

Barabara yetu ina historia. Kuiogopa nako ni ugonjwa?

La. Watu wa kaunti hii walioona mashambulizi ya Juni 2014 Mpeketoni, na yaliyofuata, hawahitaji kuambiwa hofu yao ni ya kufikirika tu. Hatumfundishi mtu kudharau hatari ya kweli. Tunaingia pale hofu ya barabara inapomfuata mpaka dukani kwa jirani, au usingizini miaka mingi baadaye.

Narudia udhu mpaka sala inanipita. Mtanifanya nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, nasi tutalijibu kwa urefu.

Tunaanza kwa kuandika. Siku chache za mwanzo hubadilishi chochote, unaandika tu umeingia bafuni saa ngapi, umerudia kiungo gani, shaka ilisema nini. Ukurasa wa namna hii husomeka hivi, na huu ni mfano tuliotunga: “Adhuhuri. Nimeosha mkono wa kulia mara tatu. Kiwiko nikahisi kikavu. Nimeanza upya. Nimetoka, punda kapita, nikahisi tone kwenye kanzu. Nimerudi kubadilisha. Msikitini wameshatoa salamu.” Pembeni huwa kuna mambo ambayo mtu hayaandiki: ngozi ya vidole imepasuka kwa sabuni ya unga, tangi la juu limekwisha na mama ananung'unika, na simu ya ustadhi imejaa maswali yale yale kwa maneno mbalimbali.

Tukiisoma pamoja, jambo moja linajitokeza. Shaka haikuondoka kwa kuosha. Iliondoka dakika mbili, ikarudi na swali jingine. Kila ulipojibu, uliithibitishia kwamba lilikuwa swali la kujibiwa. Kwa hiyo tiba haikupi jibu bora. Inakuzoesha kuliacha swali wazi na kuendelea na sala.

Namna yenyewe huitwa tiba ya kukabili hofu na kuzuia marudio. Mwaka 1966, London, mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza wagonjwa wawili aliowatibu hivyo, mmoja wao akiwa na waswasi wa uchafu. Wauguzi walimsimamia asioshe, hata maji ya chumbani kwake yakafungwa. Siku hizi hatumfungii mtu mfereji. Unaufunga mwenyewe, siku uliyokubali, kwa hatua uliyoichagua.

Hatua hupangwa kutoka inayokuogopesha kidogo hadi inayokutoa jasho. Pengine ya kwanza ni udhu kwa maji ya kopo moja, kila kiungo kisizidi mara tatu, halafu unatoka na shaka yako. Ya pili, unapita kichochoro cha Langoni wanaposimama punda, pindo la kanzu likigusa ukuta, na unasali na kanzu ile ile. Ya tatu huwa nzito kwa watu wengi wa hapa, kwa kuwa sisi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi na nia hutakiwa iambatane na takbira: unapiga takbira mara moja tu, hata kama moyo unasema nia haikukaa. Hofu itapanda. Mara nyingi inashuka yenyewe ukiiacha, siku nyingine haishuki, nawe unasali nayo hivyo hivyo. Kazi ni kutorudia. Utulivu ukija ni ziada.

Hamoni kwamba huko ni kuchezea dini?

Swali la haki. Hatumwambii mtu aache sala, asali na najisi anayoiona, wala afanye la haramu. Tunamwomba asali kama muumini wa kawaida aliye ubavuni mwake. Kanuni ya fiqhi inajulikana: yakini haiondolewi na shaka. Na hadithi sahihi inasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita. Anayemaliza ndoo tatu hajamzidi Mtume kwa ucha Mungu.

Tukiona haja, na ukiridhia, tunakaa na shekhe unayemwamini mara moja, tunaweka mipaka ya hatua zote, na swali hilo limefungwa. Mara moja tu, kwa sababu kumuuliza shekhe kila jioni nako ni kuosha kwa njia nyingine. Wala maradhi haya si mageni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alieleza waswasi kuwa maradhi ya nafsi yanayotibika, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Meyer.

Kwa Wakristo tunaowahudumia mambo hubadilika sura tu. Huko huwa ni kuungama kusikokwisha, au sala inayorudiwa kwa sababu neno moja halikutoka sawa.

Nina mawazo machafu juu ya Mungu, na mengine ya kumdhuru mwanangu. Mimi ni mtu mbaya?

Mawazo ya ghafla yasiyotakiwa huwapitia watu wengi sana wasio na ugonjwa wowote. Tofauti ni kwamba wao huyaacha yapite, wewe unayasimamisha uyahoji. Mama anayeficha visu vyote vya jikoni kwa hofu ya wazo lake si yule wa kuogopwa. Anaumia kwa sababu wazo linapingana na alivyo. Maswahaba nao walimlalamikia Mtume kwamba wanapata nafsini mwao mambo wasiyothubutu kuyatamka, akawaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi.

Kulisukuma wazo hakusaidii. Jaribu dakika moja usimfikirie punda. Chumbani kwetu tunafanya kinyume: unaliandika wazo, unalisoma kwa sauti, tena na tena, pasipo istighfari ya kulifuta kila sentensi, mpaka libaki maneno. Wengi hulia mara ya kwanza. Tumezoea, na hatushtuki.

Nimesomewa, nimekunywa kombe. Niache?

Hatukuambii uache. Mtu anatulia kwa Qur'ani, na hilo hatulipingi. Tutakuuliza jambo moja: baada ya kusomewa, unafanya nini tofauti? Kama kisomo kimekuwa njia ya kukwepa boti au kufuta wazo, basi kimeingia kwenye mzunguko ule ule wa hofu na tutakizungumza. Na anayempiga mgonjwa, kumfunga mnyororo, au kumwamuru aache dawa za hospitali, huyo mkimbie, hata kama ana kilemba kirefu namna gani.

Mimi ni mtu wa mapenzi ya jinsia moja. Mtataka kunibadilisha?

Hapana. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilifanya hivyo mwaka 1973. Hakuna ushahidi kwamba “tiba” za kumbadilisha mtu zinafanya kazi, na upo ushahidi kwamba zinamdhuru. Hatutoi fatwa na hatuna mahakama. Sheria ya Kenya tunaijua ilivyo, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Yote hayo hayabadilishi kazi yetu, ambayo ni wewe upate kula, kulala na kufanya shughuli zako.

Mwanasaikolojia Ilan Meyer aliandika mwaka 2003 juu ya mzigo wa walio wachache: kubaguliwa, kutarajia kubaguliwa, kuficha, na mwisho kujichukia kwa macho ya wengine. Mzigo huo ndio unaougua. Tunautenganisha vipande, maana kuogopa kuchunguzwa na binamu mwenye hasira ni hesabu ya usalama, na kuamini kwamba hustahili rafiki hata mmoja ni jambo jingine. Vitabu vingi vya ng'ambo humhimiza mtu ajitangaze. Sisi hatumsukumi mtu, hasa katika mji ambao nyumba zimegawana ukuta. Nani ajue, lini, na kama ajue, ni uamuzi wako.

Na kama sijui? Najiuliza “je, mimi ndivyo nilivyo?” kutwa nzima.

Hapo tunakwenda polepole, kwa sababu yapo mambo mawili yanayofanana. Wako wanaojitafuta kweli, nao tunawapa nafasi bila haraka. Na wako ambao waswasi umeshika swali hilo kama ungeshika najisi: anakagua mwili wake kila akimwona mtu njiani, anapekua intaneti, anamuuliza mkewe kama anamwona tofauti. Huyu wa pili hatumjibu, wala hatumpi kipimo cha kujijua. Tunamfanyia yale yale ya udhu.

Mimi ni Mbajuni. Kila ofisi naulizwa babu yangu kazaliwa wapi. Hilo nalo ni la tiba?

Kuulizwa si ugonjwa wako. Ni kasoro ya anayeuliza, na dawa yake iko kwa mawakili na wabunge. Tunaloweza ni kile kinachobaki mwilini: tumbo linalovurugika ukiona kaunta yoyote, sauti inayopotea, aibu isiyo yako. Wanatuletea jambo la namna hiyo pia watoto wa baba Mzungu wasiomjua, waliobadili dini, mabinti waliorudi kutoka Ughaibuni, na wanawake walioachika wanaosemwa mlango kwa mlango. Mshauri anayeanza kwa kusema “usijali maneno ya watu” hajawahi kukaa mtaa wa Mkomani.

Dawa je?

Wengi hupona bila dawa, wengine wanazihitaji. Zinazotumika zaidi ni kama sertralini na fluoksetini, na huandikwa na daktari, si sisi. Kwa wasiwasi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Kwa waswasi dozi mara nyingi ni kubwa zaidi na subira hufika wiki 8 hadi 12. Usizikate ghafla. Nyingi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani zungumza na daktari kuhusu kuzihamishia futari au daku.

Vidonge vya usingizi aina ya Valium vinavyonunuliwa dirishani bila karatasi ni jambo jingine. Mwili huvizoea upesi, na aliyevimeza kabla ya kupanda boti hajifunzi kwamba boti ni salama. Anajifunza kwamba kidonge ni salama.

Natafuna miraa. Ina uhusiano?

Ndiyo. Ni kichocheo: moyo juu, usingizi hakuna, kesho yake roho nzito. Muguka vivyo hivyo, na kahawa chungu ya kikombe cha sita.

Siri zangu zitakaa wapi? Lamu hii tunajuana sote.

Kweli, na tumelifikiria kuliko mengine yote. Daftari linafungwa kwa kufuli, faili za kompyuta zina nenosiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana. Miadi haifuatani mlangoni, ili anayetoka asikutane na anayeingia. Tukikutana uwanjani Mkunguni hatutakuamkia mpaka uanze wewe. Tunajua mjini kwetu kumpita mtu kimya ni utovu wa adabu. Tumekubali kuonekana hatuna adabu. Siri huvunjwa kwa mambo machache tunayokutajia siku ya kwanza: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akidhuriwa.

Nitamjuaje mshauri wa kweli, na ni bei gani?

Muulize kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Muulize pia, kwa waswasi, kama hufanya tiba ya kukabili hofu. Akijibu kwamba atakufundisha kutulia na kuvuta pumzi tu, tafuta mwingine. Bei itajwe kabla ya kikao cha kwanza, si baada yake.

Mama ananijibu kila nikimuuliza kama mlango umefungwa. Anakosea?

Anakuhurumia, na huruma hiyo inaupa waswasi chakula. Tunamwomba aje kikao kimoja au viwili. Hatumwambii anyamaze ghafla, kwani nyumba itawaka moto. Mnakubaliana pamoja: wiki hii anajibu mara moja, wiki ijayo anasema, “Hilo ni la waswasi, mwanangu, silijibu. Njoo tule.” Aseme kwa upole na bila kejeli, nawe uwe umeridhia tangu mwanzo, ukiwa mtulivu.

Ni vikao vingapi, nami nakaa mbali, Kizingitini, kisiwani Pate?

Kwa waswasi, mara nyingi kati ya 12 na 20, kimoja kwa wiki. Kwa hofu ya ghafla huweza kuwa vichache zaidi. Kikao cha kwanza tukipata tukifanye ana kwa ana, upange na siku unayokuja mjini kwa shughuli nyingine. Vinavyofuata vinafanyika kwa simu ya video, na kwa waswasi wa nyumbani hiyo ni faida, maana tunakuona ukiwa kwenye bafu lako na mlango wako wenyewe. Mtandao ukikatika tunapiga simu ya kawaida. Tafuta mahali ambapo hakuna wa kusikiliza: wako wanaokaa ndani ya mashua iliyopandishwa pwani, wako wanaotembea ufukoni na vipokea sauti masikioni. Ukiingiliwa, sema tu “nitakupigia baadaye, bei ya samaki hiyo sikubali,” nasi tutakata.